Gari la Maharusi kwenye Kaunta ya Bima

Hebu ioneni ofisi ndogo ya bima hapa Palma, siku hizi za mradi wa gesi. Mbele ya kaunta amesimama mzee anayeendesha lile gari lake jekundu la zamani linalobeba maharusi wetu; mimi niko nyuma yake kwenye foleni. Lori la mchanga limelibonyeza ubavu.

"Mzee, gari la umri huu tunalihesabu chuma chakavu," kijana wa bima alimwambia kwa upole. "Labda uwe na picha ya kuonyesha lilikuwa zima."

Mzee alitikisa kichwa. Hakuwahi kulipiga picha.

Kesho yake nilirudi kwa bima ya pikipiki yangu, nikamkuta mzee tena, na wanawake saba aliowahi kuwabeba wamejaa kaunta; habari ilikuwa imewafikia. Kila mmoja alileta picha ya arusi yake. Mmoja alitoka kijiji cha Quitunda na yake imefungwa kwenye kanga. Ya bibi arusi mdogo ilipigwa Ijumaa, siku mbili kabla ya ajali.

"Tazama mlango, mwanangu. Una mkwaruzo?" mama mmoja alimuuliza.

Kijana aliinua picha moja. "Na huyu bwana arusi, mama?"

"Huyo muache, tulishaachana. Wewe tazama mlango."

Kijana alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akakata neno "chakavu" kwenye fomu, akaandika "litengenezwe". Mzee alimshika mkono kwa mikono yake miwili.

Nami nilizipitia picha zote saba. Gari limo, mzee hayumo hata moja. Siku yenu ya furaha ikifika, naomba mkumbuke jambo moja: mwiteni na dereva asimame nanyi.