Goti Langu na Dawa Iliyongoja Baraka

Ninamsifu Mungu aliye hai, aliyeniacha duniani nikiwa na mguu mmoja mzima na ulimi wa kusema. Mapenzi yake ni mema, hata pale nisipoyaelewa.

Mimi ni seremala na mzee wa kanisa hapa Mudzipela, Bunia. Tulitoka upande wa Bule tukikimbia vita. Tangu utoto damu yangu haikuganda upesi. Patasi ikinigusa kidole, kitambaa kililowa hadi kesho yake. Nilipong'olewa jino, nilitema damu siku nne. Kaka yangu alikufa baada ya kutahiriwa, na watu wakamwita mama yetu mchawi. Alizikwa na jina hilo. Miaka mingi baadaye damu yangu ilipelekwa Kinshasa kupimwa, na daktari akaniambia: "Papa, ni hemofilia. Munazaliwa nayo. Haiko bulozi, haiko uchawi." Nililia, wala si kwa ajili yangu.

Dawa ya ugonjwa huu ni unga mweupe katika chupa ndogo. Unachanganywa na maji, unachomwa kwenye mshipa. Mtu kama mimi hawezi kuinunua. Basi watu wa mbali walichanga fedha, wakatuma makartoni matatu kwenye kituo cha afya cha kanisa letu. Tulikuwa wagonjwa saba. Tuliimba.

Lakini kanisani kwetu zawadi haifunguliwi kabla ya kuletwa mbele ya madhabahu na kuombewa na washirika wote. Sheria hiyo niliiweka mimi, tangu mchele wa wakimbizi ulipoliwa kabla ya kuwafikia wenyewe. Wafadhili nao walitaka kupiga picha makartoni yakiwa yamefungwa. Ibada ikapangwa Jumapili, siku ambayo wageni hao wangefika kwa ndege. Makartoni yakawekwa katika friji ya kituo, ikatiwa kufuli, ufunguo akakaa nao mchungaji.

Jumatano niliteleza katika karakana, goti likagonga mbao. Kufika jioni lilikuwa limejaa damu, ngozi inang'aa, moto kama jiwe la jikoni. Mke wangu, Mama Furaha, alinipeleka kituoni. Muuguzi Neema aliligusa kidogo tu, nikapiga kelele kama mtoto.

"Huyu anapaswa kuchomwa dawa sasa," akasema.

Mchungaji alikuja, akanishika mkono kwa upole. "Muzee, weye mwenyewe ulitufundisha. Kitu ya Mungu haiguswe mbele ya maombi. Vumilia, Jumapili iko karibu."

Na mimi, Mungu anisamehe, nilijibu: "Ni kweli. Nitangoja."

Mama Furaha alinitazama. "Weye na kichwa yako ya mbao," akasema.

Jumapili ndege ya wageni haikuja. Ibada ikasogezwa wiki nzima. Goti lilipasua usingizi wangu. Damu ilipanda pajani, paja likawa jeusi. Nilianza kuona giza nikiinua kichwa. Jumatatu asubuhi mke wangu alikwenda karakana, akarudi na nyundo yangu kubwa, akasimama mbele ya friji.

"Dawa iko hapa, mutu iko anakufa hapa. Basi njo tunangojea nini?"

Neema aligeukia ukuta. "Piga, mama. Miye sikuona kitu."

Kufuli lilivunjika kwa pigo la tatu. Nilichomwa asubuhi hiyo, na tena siku zilizofuata. Damu ikasimama. Nikaishi. Lakini goti lilikuwa limekwisha kuharibika ndani. Halikunjiki tena.

Wageni walipofika, walisikitika kwa kartoni lililofunguliwa. Mmoja aliuliza kwa heshima kama ningeweza kusimama kando ya yale mawili kwa ajili ya picha. Sikuweza. Wakaniletea kiti. Mwaka uliofuata tuliambiwa fedha za mradi zimeelekezwa mahali pengine. Chupa zimekwisha. Kati yetu saba tumebaki watano.

Siwachukii wafadhili hao. Bila wao ningekuwa udongoni, na kila siku nawataja katika sala. Lakini uchungu upo, na sehemu yake kubwa ni yangu mwenyewe. Nilisimama mbele ya kanisa kwa mkongojo nikaomba sheria yangu ifutwe. Mzee mmoja aliuliza: "Sasa Jumapili tutaombea nini?"

Nikamwambia: "Muombee mutu wakati anachomwa sindano. Mungu anasikia hata siku ya kazi."

Ifutwe, wakasema. Ikafutwa, na friji haina kitu.

Ewe unayevuja damu, usikubali kukatwa wala kung'olewa jino kabla ya kusema ugonjwa wako. Kiungo kikivimba, dai dawa saa ileile, hata kama anayekuzuia ni mtu wa Mungu, hata kama ni wewe. Nawe unayetoa, toa, wala usichoke baada ya mwaka mmoja. Sisi ugonjwa wetu haukomi pamoja na mradi.

Bwana akulinde wewe unayesoma, azuie damu yako isimwagike bure, na mkono wako aufanye mwepesi kumfungulia mwenzako.