Fundi Viatu Aliyejiita Tapeli

Mjomba wangu, kaka yake mama, mtaa mzima ulimwita Kisigino. Alikuwa fundi viatu, na si wa kubandika soli tu. Anakata ngozi, anashona, anakupa kiatu ambacho utakichoka wewe kabla hakijakuchoka. Ila tusidanganyane, nusu ya wateja walifuata mdomo wake. Ukiuliza, "Fundi, kiatu changu tayari?" anakujibu, "Kiko tayari tangu juzi, kinaomba kipewe mtu mwingine." Watu wanashika mbavu, wanakaa kwenye benchi la kibanda chake, wanaagiza na kingine. Usipotaniwa na Kisigino ulikuwa unajiuliza umemkosea nini.

Basi vikaja viatu vya kuagiza kwa simu, benchi likabaki na paka. Mkaza mjomba akatoa msimamo: kuna ghala linatafuta mlinzi wa getini, mwisho wa mwezi wanachukua mtu. "Kibanda kisipoamka, unavaa sare. Utani hauliwi humu ndani."

Mjomba hakutaka sare. Akanifuata mimi, maana kwenye ukoo wetu ukiwa na bando tu unahesabika mhandisi.

"Mpwa, nifungulie na mimi hilo duka la hewani."

Nikamfungulia ukurasa, nikampa na mambo ya msingi. Picha ipigwe kwenye mwanga, siyo kiatu kimepozi pembeni ya sufuria. Bei iandikwe. Mtu akiuliza, ajibiwe haraka. Na kubwa kuliko yote: mteja wa mtandaoni hakuoni, kwa hiyo kitu cha kwanza unachomuuzia ni imani, kiatu kinafuata.

Kwenye bei tuligombana. "Niandike bei sijamwona mtu sura? Nitajuaje kama ni wa kulipa au wa kulialia?"

"Mjomba, andika."

Akaandika kwa uchungu, utadhani anasaini talaka. Lakini kujibu wateja akakataa nisimsaidie. "Hapo mwalimu ni mimi," akasema, akachukua simu yake.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja, mstaarabu kabisa: "Habari fundi, hivi vya kahawia mnavyo vya mguu mpana kidogo?"

Mjomba akajibu: "Mama, huo ni mguu au kasia? Tuma picha nitafute ng'ombe wa pili."

Kibandani, mama huyo angempiga kofi la bega na kuvua kiatu apimwe. Mtandaoni akanyamaza moja kwa moja. Ila wenzake hawakunyamaza. Mtu akapiga picha yale majibu, akayasambaza, na kufika jioni ukurasa umefurika. "Fundi, na mimi nitukane." "Fundi, nina kichwa kikubwa, anzia hapo." Mjomba akawatukana wote, mmoja mmoja, kwa upendo mkubwa. Uso uling'aa kama kiatu kipya.

"Umeona? Wamerudi!"

"Mjomba, hawa watazamaji. Nani kaagiza?"

"Hata zamani walianza kwa kucheka."

Kweli, lakini wa zamani alicheka akiwa na kiatu kilichotoboka mkononi. Hawa wanacheka wamelala kitandani, hata miguu hawajui iko wapi.

Halafu akaja mteja wa kweli. Baba mmoja wa mji mwingine, anataka viatu vya familia nzima, wakubwa kwa wadogo. Vipimo vyote katuma. Oda ya kuamsha kibanda, kabisa. Akabakiza swali moja tu, tena hadharani chini ya picha: "Fundi, nikitanguliza hela nitajuaje wewe si tapeli?"

Nilikuwa njiani kwenda kwa mjomba. Laiti ningekimbia. Nilipofika, mjomba alikuwa anacheka peke yake.

"Nimemjibu vizuri huyo."

Nikasoma: "Tapeli mkubwa sana! Muulize mke wangu, nilimwambia nina gari."

"Mjomba, futa!"

"Nifute nini? Si utani?"

Yule baba alikuwa ameshaandika: "Asante kwa ukweli wako." Hakurudi tena. Nikafuta mwenyewe, ikawa kosa juu ya kosa, maana watu wakaanza: "Anafuta ushahidi!" Kila tulipoweka kiatu, chini yake mtu anabandika yale maneno. Tapeli kakiri mwenyewe, mnataka nini tena?

Tukajaribu adabu. Mjomba akawa anaandika, "Karibu sana mteja wetu mpendwa, tupo kwa ajili yako." Waliofuata matusi wakasusa: fundi kapoa. Waliotaka viatu walishamwogopa. Mwezi ukaisha. Kibanda akapewa mtu wa kupokea na kutoa vifurushi vya mtandaoni, ana kazi mpaka watu wanapanga foleni nje.

Juzi nilikwenda kwenye lile ghala. Mjomba yuko getini, sare imemzidi mabega, simu haonekani nayo.

"Karibu sana. Naomba kitambulisho."

"Mjomba, ni mimi!"

"Nakuona, mpwa. Utaratibu."

Nikatoa. Akakisoma, akateremsha macho mpaka kwenye viatu vyangu vya plastiki, kimoja soli imeachama mpaka kidole kinachungulia. Nikasimama, nikamsogezea mguu kabisa, nikajiandaa kutukanwa.

Akanirudishia kitambulisho.

"Pita upande wa kulia, ukanyage polepole, kuna maji."