Mwewe wa Mkuyu Ulio Mtoni

Wiki iliyopita, katika duka la dawa za mifugo pale Dongobesh, bibi aliyekuwa mbele yangu aliomba sumu ya kuulia mwewe.

“Amenimalizia vifaranga,” alimwambia binti muuzaji. “Kiota chake kiko kwenye mkuyu, pale mtoni tunapochota maji. Nitamtegea nyama.”

Binti alikuwa ameshashika kopo. Akalirudisha rafuni.

“Bibi, akiila ataangukia mtoni, na maji hayo ndiyo mnayokunywa. Halafu panya wa shambani nani atawala? Mwewe huyo ndiye anayewapunguza.”

Bibi akaweka kiganja mdomoni.

“Ana makinda?” binti akauliza.

“Wawili. Wanalia kutwa nzima, mama yao akichelewa.” Alipomaliza kusema hivyo, akashusha mkono taratibu. “Kumbe na yeye analea. Haya, nipe wavu nifunike banda.”

Nimekaa kwenye semina nyingi za kutunza mito, na daftari langu limejaa. Hakuna mtoa mada aliyewahi kuuliza habari za makinda.

Zamu yangu ilipofika, binti aliniuliza ninataka nini. Nilikuwa nimefuata sumu ya panya; ilinibidi nifikirie kwanza.