Nywila Niliyoipigia Kelele Majengo

Jamani, mnaoniona nikizunguka mpaka stendi kutoa kopi moja wakati steshenari ya Majengo iko hapo hapo, leo nasema sababu, ila mcheke polepole, bado panauma.

Mimi ni mtu wa ndani, mnanijua, mlango ukigongwa najifanya nimelala. Lakini siku ile umeme ulikatika kwetu, na picha za harusi ya dada zilitakiwa zifike jioni hiyo kwa binamu yangu Fidelis, Mbeya, achape albamu, basi nikabeba kompyuta hadi steshenari hiyo, ya binti Sekunda (niliifuata jenereta, msikonyezane). Fidelis alinifundisha kuzituma kwa dirisha jeusi la kompyuta, hakuna cha kubofya, unaandika amri tu. "Hii ni salama, kaka, mwizi akizidaka njiani ataona takataka."

Nikaandika amri, dirisha likadai nywila, ile niliyoichagua mwenyewe na Fidelis akaiweka kwake. Nabonyeza herufi, hakitokei kitu, si nyota, si nukta. Nikabonyeza kwa nguvu, nikaipuliza kibodi, nikaikung'uta kama ungo wa dagaa, mara naambiwa nimekosea. Nimekosea nini na sijaandika kitu?

Nikampigia Fidelis, jenereta inanguruma.

"Kibodi imekufa!"

"Nywila umeweka ipi? Itaje, pengine mimi ndiye niliyekosea huku."

Nikapaza sauti niishinde jenereta, na jenereta, shetani yule, ikazimika pale pale: "SEKUNDA MKE WANGU MBILI!"

Babu mmoja aliyekuja kutoa kopi ya kitambulisho, ambaye nilikuwa nimempa shikamoo yake vizuri tu, akanigeukia: "Mjukuu wangu, posa hupelekwa na wazee, haipigwi kwa simu."

Na Fidelis sikioni: "Iko sawa! Andika tu, haionekani makusudi, ni kwa ajili ya usiri!"

Usiri!

Sekunda hakuinua hata macho. "Hiyo mbili ni ya nini? Mke wa kwanza yuko wapi?"

Nikajitetea kwamba ni mashine ndiyo iliyodai tarakimu (na huku najisikia mwenyewe nikiyakubali mengine yote).

Jenereta ikawashwa, nikaiandika bila kuiona, picha zikafika salama kabisa, kilichovuja ni mimi. Nimeapa, nywila sitaitaja tena hata kwa padri, na nimeshaibadilisha, sasa ni jina la yule mbuzi wa… aa, nusura niitaje tena!

Ila Sekunda kila akikutana na dada humuuliza, "Wazee wenu bado hawaijui njia ya kwetu?" Nami mpaka leo sielewi: ananitania, au ananiita?