Amina ya Mkubwa Wetu

Nilipotoka chuo kikuu na shahada ya pili, niliajiriwa kupima maji katika kituo cha umma kilichohudumia Eldoret. Pampu hazikulala, nasi tulizihudumia kwa zamu, ila Jumapili tulilipwa sawa na Jumanne. Wenzangu waliniteua niwatetee mbele ya mkubwa wetu, kwa kuwa nilikuwa nimesoma. Nilikariri hoja zetu zote, pamoja na majibu ya maswali ambayo huenda hangeuliza kamwe.

Mkutanoni nilisimama. "Kijana," mkubwa akanikatiza kabla sijaifikia hoja ya kwanza, "hiyo ni siasa, na siasa ina chama chake. Tufungie mkutano kwa maombi, twende kazini."

Enzi hizo za chama kimoja, neno "siasa" lilitosha kumnyamazisha mtu. Nikafumba macho, nikatafuta maombi kichwani, nikakuta hoja tu. Basi nikamweleza Mungu, hoja baada ya hoja, kwamba anayekosa ibada ili wenzake waende kanisani wameoga anastahili nyongeza. Hakuna aliyethubutu kumkatiza mtu akiomba. Nilipomaliza, mkubwa, ambaye alikuwa mzee wa kanisa, aliitikia "Amina" kwa sauti kubwa kuliko sote, kwa mazoea.

Mama mmoja wa zamu ya usiku akafumbua macho. "Asante, Mzee. Sasa ni kuanzia Jumapili hii ama ijayo?"

Mkubwa aligeukia mlango. "Ijayo," akasema. "Na huyu asiombe tena hapa."