Kuvu Iliyoacha Kazi

Pale maabara walimwita Mama Kuvu, naye aliitika bila kinyongo. Kwa miaka kumi na saba alikuwa akilisha kuvu moja tu, iliyochotwa kwenye udongo wa ua wa nyuma kabla ua haujamwagiwa zege. Ilikuwa na kipaji chake: ikishiba hutoa matone ya manjano, na ndani ya matone hayo mna dawa inayoua vijidudu sugu. Kila baada ya wiki mbili alimega kipande, akakihamishia kwenye kisahani kipya chenye chakula, cha zamani akakitupa. Kazi ya kitoto, utasema. Haya, ifanye wewe miaka kumi na saba.

Mumewe alipofariki alipumzika siku saba, akarudi kazini. Hakulia. Majirani walisema ana roho ngumu, lakini ugumu hakuwa nao, wala ulaini. Alikuwa amekufa ganzi tu. Alichemsha vyombo, akafuta meza, mwaka ukaisha.

Ndipo matone yakakoma. Dokta, mkuu wa maabara, alikagua visahani vyote thelathini: vyeupe pepepe, vimetuna kama pamba.

"Mama, kuvu imeacha kazi. Akiba ya kwenye friza ilishaharibika, na ule udongo uko chini ya zege. Hii ikipotea, tumefunga. Ulikuwa unamega wapi?"

"Penye weupe. Panapendeza."

"Na zamani?"

"Penye manjano. Si ulinifundisha mwenyewe?"

Dokta akashika kichwa. Sehemu nyeupe hukua upesi kwa sababu haijisumbui kutengeneza dawa. Kumega weupe mwaka mzima ni kufukuza mafundi na kubakiza walaji.

"Sasa manjano yalikukosea nini, mama?"

Alitaka kusema hajui, na mpaka dakika ile kweli hakujua.

"Macho ya mume wangu," alisema. "Ini lilipomshinda yaligeuka rangi hiyo. Nilikuwa nayaangalia mimi peke yangu."

Dokta akasogeza kiti karibu naye. Walivipitia visahani upya, kimoja kimoja, hadi kwenye ukingo wa cha ishirini na sita wakaona kidoa cha manjano, kidogo kama punje ya mtama. Dokta akampa sindano ya kumegea.

Alikimega, akakilaza kwenye chakula, akafunika.

"Dokta, kesho naomba ruhusa," alisema. "Nina mtu sijamlilia."