Ng'ombe wa Kumfunga Lusia Mdomo

Germana wa Endamarariek hakujua kudharau kimoyomoyo. Akikudharau utajua, na jirani yako atajua. Mjane huyo hakuwahi kuitwa kwenye kamati yoyote, lakini wasichana waliorudi hoi kutoka mijini walijua mlango wa kugonga. Aliwapa uji, jembe na kipande cha shamba la maharage, na hakuwauliza lolote mpaka waseme wenyewe.

Mwaka 1979 akaja Lusia. Clemensi, bwana mkubwa wa tai na benchi la mbele kanisani, ndiye aliyempeleka Moshi, eti amempatia kazi nzuri. Miaka miwili msichana alifungiwa ndani, akapika, akafua, akapigwa, na mshahara wake wote akawa anapokea Clemensi. Mwishowe alitoroka kwa lori la vitunguu.

Habari zilipozagaa, Clemensi alifika kwa Germana na balozi wa nyumba kumi na wazee wawili, akiwa amemfunga kamba ng'ombe wa maziwa. Kwa sauti yake ya kuhubiri akatangaza kwamba anamweka ng'ombe hapo kama ilivyo desturi: maziwa na samadi ni vya mfugaji, mnyama na ndama ni wa mwenyewe. Lusia anywe maziwa, na maneno yaishe. Wazee wakamsifu kwa moyo wake mwema.

Germana alitamani kuwatemea mate. Watu wazima na mvi zao, wamenunuliwa kwa maziwa ambayo hata hawatayaonja.

"Mrudishe kwako," alisema. "Na Lusia ulimweka Moshi hivyo hivyo. Kazi ya wenye nyumba, mshahara wako."

Lusia, ambaye tangu arudi hakuwahi kusema mbele ya wanaume, akatoka jikoni ameshika kisu.

"Mama, usimrudishe."

Germana aliona hatari. Ng'ombe akibaki, Clemensi atakuwa na sababu ya kuingia ua huu kila atakapo.

"Ila hawekwi," Lusia akaendelea. "Huyu ni mshahara wangu. Kama sivyo, Mzee Clemensi amwambie balozi aliupeleka wapi."

Clemensi akamtazama balozi. Balozi akatazama viatu vyake. Lusia akamshika ng'ombe sikio na kulikata alama yake mwenyewe ya umiliki, mikato miwili, damu ikaruka hadi kwenye tai ya Clemensi.

"Mashahidi si umewaleta mwenyewe?" akamwambia.

Germana aliingia ndani kutafuta kibuyu cha kukamulia.